Maswali yenu ya askari wa plastiki: orijino, njano, na bei za kurusha

Tangu niseme nakusanya hawa vidoli vya askari wa hadithi za anga za juu meseji haziishi, kwa hivyo nimechukua chache, zile zinazofanana nimeziunganisha. Haya twende.

"Kuna mzee wa Kiitaliano hapa Malindi anafunga nyumba arudi kwao, kwenye vitu anavyouza nimeona yule askari mweupe wa Star Wars, mdogo, wa zamani. Anataka elfu nane. Nitajuaje kama ni orijino?"

Kaka, elfu nane usizitoe ukiwa umesimama mlangoni. Muombe mzee ukishike kwanza. Huyo askari mweupe anaitwa Stormtrooper, na yule wa Kenner, kampuni ya Kimarekani ya vidoli, alitoka 1978, ni mmoja wa wale 12 wa mwanzo kabisa, urefu wake kama sentimita tisa na nusu hivi. Sasa shika kichwa ujaribu kukizungusha, taratibu. Kikizunguka mrudishie. Wenzake wengi wa wakati ule shingo zao zinazunguka lakini huyu kichwa na kifua ni kipande kimoja, viungo vyake ni vinne tu, mabega mawili na mapaja mawili, magoti hayakunji wala viwiko, na hapo ndipo watu wanapigwa manake wanaona kichwa kimekaza wanadhani kimeharibika kumbe ndivyo alivyozaliwa.

Halafu mgeuze uangalie nyuma ya miguu. Kuna maandishi madogo sana, G.M.F.G.I. 1977, na mara nyingi Hong Kong. Hizo herufi ni za General Mills Fun Group, wenye Kenner wakati huo, na 1977 ni mwaka wa haki miliki, sio mwaka wa kutengenezwa, kwa hivyo usianze kubishana na mzee wa watu kuhusu 1977 na 1978. Washa tochi ya simu uimulike kwa ubavu, sio moja kwa moja, herufi zitajitokeza zenyewe. Zikiwa zimevimba au kingo zake zimeyeyuka yeyuka jua kuna mtu alichukua orijino akaitengenezea kalibu akamwaga plastiki yake.

Bunduki nayo usiisahau. Ndiyo inayopotea kwanza na ndiyo inayoigizwa kuliko kitu chochote, kwa hivyo ukiona askari amechakaa, rangi imetoka kwenye macho, miguu inalegea, halafu bunduki inang'aa nyeusi tii, jiulize hao wawili wamekutana lini.

Ila la maana kuliko yote: kwa sababu mwenyewe ni Mtaliano, uliza kama ile kadi ya karatasi aliyobandikiwa bado ipo popote kwenye katoni. Kule Italia hivi vitu vilisambazwa na kampuni ya Harbert, jina limeandikwa Guerre Stellari, yaani Star Wars kwa Kiitaliano, na kadi ile hata ikiwa imekunjika wakusanyaji wa nje wanaitafuta. Askari mwenyewe peke yake, bila kadi, sio adimu hata kidogo, walitengenezwa wengi mno. Bila bunduki mimi hata nusu ya elfu nane sitoi.

"Niko Langoni, Lamu. Wangu nilimuweka kwenye kidaka cha ukutani, sasa kifua kimekuwa njano lakini miguu bado myeupe. Nimeambiwa nimtie dawa ya kuchubulia nywele."

Njano inaletwa na jua na joto, na kifua kinatangulia kwa sababu sio plastiki moja na miguu, matokeo yake ndio hayo, kama meno ya mvuta sigara katika uso ulionyolewa vizuri. Hiyo dawa, haidrojeni paroksaidi, kweli inarudisha weupe, unamloweka unamuweka kwenye mwanga. Tatizo ni mbili. Njano huwa inarudi, tena pengine upesi kuliko ya kwanza, na ukizidisha plastiki inakuwa kavu na madoa meupe meupe. Na ukija kumuuza bila kusema umemchubua hiyo ni ulaghai, mnunuzi mwenye jicho atakushika.

Mimi ningemuacha. Muoshe kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni, mkaushe kabisa kwenye maungio, basi. Kuhusu kidaka, wallahi kinapendeza, mimi mwenyewe nawaonea wivu watu wa Amu kwa hivyo vidaka, lakini angalia kiko ukuta gani. Kikitazama uani panapopigwa na jua la asubuhi, hapana. Na ukuta wa mawe na chokaa wakati wa kusi unatoa jasho, kwa hivyo usimsogeze mpaka aguse ukuta wa nyuma, tia pale vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ubadilishe vikishiba. Wale wenye pini za chuma magotini, hewa ya chumvi inawala kimya kimya, ukiona kutu nyekundu inatoka kwenye tundu la goti ushachelewa kidogo.

"Wangu ananata. Nikimshika vidole vinashikana. Ni uchafu?"

Sio uchafu. Plastiki laini ya PVC inatiwa mafuta ya kuilainisha, na kwenye joto, hasa ukimfungia kwenye mfuko wa nailoni, yale mafuta yanatoka nje. Sabuni na maji, mkaushe, muache apumue. Atanata tena baadaye, utamuosha tena.

"Nimeletewa wa sentimita 15, wa Black Series, mpya, boksi halina dirisha. Nikague nini kabla sijamlipa jamaa?"

Fungua boksi mbele yake. Najua kuna wanaosema boksi lisifunguliwe, lakini Hasbro, kampuni inayotengeneza hawa wa Black Series, kuna wakati waliondoa yale madirisha ya plastiki, na tangu hapo wajanja wakapata mwanya, anamtoa mzuri anatia mwingine wa bei rahisi anarudisha gundi. Boksi ambalo huoni ndani yake ni ahadi tu.

Ukimtoa, angalia mikono. Wallahi nimeona mwenye mikono miwili ya kushoto, na mwenye mguu umepachikwa kinyume. Angalia rangi kwenye vioo vya kofia, mstari wa kioo cha kulia na cha kushoto ulingane. Kisha kunja viungo kimoja kimoja, na hapa tulia sana, manake kiungo kipya mara nyingi rangi imekigandisha, ukikilazimisha kinakatika na hakuna gundi itakayokurudishia. Kikigoma mtie kwenye kikombe cha maji ya moto, sio yanayochemka, dakika moja mbili, plastiki ilegee, ndio ukizungushe. Mwisho msimamishe mezani bila kitu cha kumshikilia. Askari asiyeweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe, mimi bei inashuka hapo hapo.

"Vipi wale wakubwa wa Hot Toys, wanafaa kwa hali yetu ya pwani?"

Hot Toys ni kampuni ya Hong Kong, kazi yao ni safi, futi moja karibu, mpaka mikanda ina vifungo. Lakini wenye nguo za ngozi ya bandia, kwa joto letu na unyevu wetu, ile ngozi inapasuka na kumenyuka ukiwa unaitazama tu. Ukitaka lazima, chukua aliyevaa silaha ngumu mwili mzima.

"Mwanangu wa miaka saba kafungua boksi la babake, sasa mzee amenuna siku mbili anasema hasara. Ni kweli tumepoteza pesa?"

Pole mama. Kama ni wa miaka hii ya karibuni, hasara ni ndogo, hivi vinatoka kiwandani kwa maelfu na wengi wananunua wakiweka boksi wakisubiri bei ipande, sasa wote wakisubiri itapanda kwa nani. Muulize baba kama kile kibunduki kipo, kikiwepo anune nusu siku. Mtoto wa miaka saba acha acheze, ila kama kuna mdogo wa chini ya miaka mitatu hivyo vibunduki na mikono ya akiba ifiche, vinamezeka.

"Bei naijuaje? Kila mtu anataja yake."

Usiangalie bei watu wanazoomba, angalia bei zilizolipwa. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchagua vilivyouzwa tayari, tazama kadhaa vyenye hali kama ya kwako, sio kile kimoja kilichouzwa ghali. Kisha jumlisha usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya 16%, ndio ujue kukileta hapa kutakugharimu ngapi.

"Rafiki yangu ana Boba Fett anayerusha roketi mgongoni. Anasema ni wa 1979, ananiachia kwa elfu kumi na tano."

Boba Fett ni yule mwindaji wa kukodiwa wa Star Wars, na huyo wa kurusha roketi hakuwahi kuuzwa dukani, wala kutumwa kwa posta. Kenner walimtangaza, wakaogopa mtoto asije kukabwa na roketi kooni, waliotumwa kwa posta 1979 roketi yao imegandishwa. Waliobaki ni sampuli za kiwandani, chache, na baadhi zimeshawahi kuuzwa kwa zaidi ya dola laki moja. Sasa huyo rafiki yako ama hajui alichonacho, ama anajua vizuri sana.