Asali kwenye hemu hupakwa mwishoni

Je, hemu, yaani paja la nguruwe lililokolezwa chumvi, hupakwa asali na sukari tangu inapoingia kwenye oveni? Hapana, usiipake mapema hivyo. Subiri dakika 20 hadi 30 za mwisho. Sukari huungua upesi, na hemu nzima hukaa motoni zaidi ya saa moja, kwa hiyo utatoa ganda jeusi lenye uchungu huku katikati bado ni baridi. Ifunike kwa foili kwanza, ndipo uifunue na kuipaka. Kama imefungwa kwenye kiwanda kinachokaguliwa na paketi inasema imeshapikwa, unaipasha tu hadi ndani ifike nyuzi 60 za Selsiasi; nyingine iliyopikwa ifike 74. Mbichi ni 63, kisha ipumzike dakika 3. Hivyo ndivyo Idara ya Kilimo ya Marekani inavyoelekeza. Chumvi usiongeze, inayo tele.