Giza la mila lianze na vicheko

Dada, umeuliza hadithi yako ya unyago wa Newala, kule Mtwara, uitie vipi giza bila kuwatukana wazee. Usimlete nyakanga (kungwi mkuu wa unyago) mwenye macho mekundu, huyo tumemchoka. Mlete mama mwema, aliyeuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, apate hela ya khanga za mwali, anacheka na majirani ngoma ikilia, huku anajua bintiye akishachezwa, shule ndiyo basi. Mwandishi Mmarekani Shirley Jackson alifanya hivyo katika hadithi fupi "The Lottery" (1948): wanaume wanapiga soga za mvua, matrekta na kodi, mawe ya kumuua mwanakijiji atakayeangukiwa na kura yamesharundikwa pembeni. Katika hadithi yako, anayeinung'unikia mila awe shangazi mtu, halafu umwache aendelee kupepeta mchele wa pilau.