Maji ya Simtanki, Mkaa na Maneno Makali

Tangu Kimbunga Hidaya kitupitie Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikitoa tahadhari za kimbunga, mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi, maswali yenu huja kwa mkupuo. Leo nachukua manne.

Shangazi, mume wangu anataka kuchukua hela ya kodi anunue gunia la mchele kwa sababu ya kimbunga. Mimi nasikia vimbunga havifiki Dar. Nani yuko sahihi? (Mama wawili, Kijichi)

Kila mmoja ana lake. Sisi tupo karibu na ikweta, na huko vimbunga hukosa nguvu ya kuzunguka, ndiyo maana ni nadra kutufikia. Jobo, Aprili 2021, kilififia kabla ya kufika. Lakini Lindi ilipigwa mwaka 1952, na Hidaya ilipokuja, barabara ya kwenda Kusini ilikatika kule Somanga, magari yakalala njiani. Hapa mjini ni mvua inayotutesa: bonde la Jangwani likijaa maji, mizigo haipiti na sokoni bei inapanda. Kodi iacheni. Nunueni unga, maharage, mafuta na mishumaa ya siku tatu nne, na luku mapema, mtandao ukiwa bado upo.

Nyumba yetu ina kaya sita na simtanki moja la lita 1,000. Maji ya bomba yakikatika, mmoja anaamka saa tisa usiku anajaza madumu yake yote. Juzi nusura tupigane. Tufanyeje? (Mpangaji, Tandale)

Mpenzi, ugomvi huu naujua. Nimekaa nyumba ya kupanga, nimesikia dumu likiburutwa koridoni gizani, na moyo ukanienda mbio kama nimeibiwa. Huyo wa saa tisa si lazima awe mwizi. Anaogopa kuamka na watoto akute tanki tupu, na akishaamka yeye, kesho mtaamka wote.

Kwa hiyo kaeni kabla ya mvua, mama mwenye nyumba akiwepo, mpige hesabu kwa sauti. Lita 1,000 ni madumu 50 ya lita ishirini. Kila kaya manane, jumla 48. Mawili yanayobaki ni ya choo cha pamoja. Kwa siku mbili, kila kaya ina manne kwa siku. Andikeni kwa chaki ukutani karibu na koki, na kila anayechota aweke alama mbele ya wenzake. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa aongezwe dumu, na hilo mkubaliane mapema, maana likiombwa siku ya shida litaonekana upendeleo. Ya kunywa chemsheni, hata kama yanaonekana meupe. Mafuriko yakishachanganyika na vyoo, usiamini macho.

Mvua haikatiki na jiko la mkaa liko nje. Naweza kupikia chumbani nikifunga mlango upepo usiingie? (Kigamboni)

Usithubutu. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu wamelala. Pikia barazani chini ya bati; ukishindwa, kuleni mkate na ndizi siku hiyo. Na maji yakianza kuingia ndani, usisubiri: piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Umeme haukuwepo siku mbili, mtoto analia, sijalala. Nikamfokea mama mkwe mbele ya wajukuu, eti kamaliza kiberiti. Sasa hanisemeshi. (Mbagala)

Kiberiti ni cha mwisho kati ya mengi, na yeye pia hakulala. Usimweleze ulivyochoka, atasikia unajitetea. Asubuhi, kabla watoto hawajaamka, mpigie magoti, umwambie, "Mama, nimekukosea, nisamehe." Hao wajukuu walisikia ukifoka, basi baadaye warudie kusikia ukimwomba radhi. Kisha mpelekee chai, ukae naye hapo mkekani mpaka aimalize, hata asipokujibu.