Ukiandaa maonyesho ya tabianchi, mwache mgeni amwage maji

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Anataka kuandaa maonyesho ya kuhama kutoka mji hadi mji, ya kuwafundisha watu namna miji inavyoweza kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na anauliza aanzie wapi. Nimefurahi sana, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo. Jibu langu: anza na maji.

Sisi tulitengeneza sinia kubwa lenye mji mdogo ndani yake, wenye vilima, bonde na vijumba vya mbao. Mgeni anapewa vipande vya bati, ndiyo lami na zege, na vipande vya sifongo, ndiyo bustani na maeneo oevu. Anaupanga mji atakavyo, kisha anamimina kopo la maji. Akitandaza bati tupu, maji yanateremka yote bondeni na vijumba vinaelea. Mama mmoja alikiokota kijumba majini, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akakishika kwa muda. Halafu akaanza kung'oa bati na kupachika sifongo kule juu mlimani, maji yanakotokea. Hakuna aliyemwelekeza. Najivunia sinia lile kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya.

Hapo ndipo unapomsimulia habari za Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wakati mikono yake bado imelowa. Tarehe 2 Julai 2011 mvua kubwa iliufurisha mji ule kwa saa chache tu, na mwaka 2012 ukapitisha mpango wa kuyapokea maji ya namna hiyo kwenye bustani na barabara zake. Mwonyeshe na Rotterdam, Uholanzi, kwenye uwanja wa Benthemplein uliofunguliwa 2013: jua likiwaka vijana wanacheza mpira, mvua ikinyesha uwanja unahifadhi maji hadi lita milioni 1.7. Ukimwambia hayo kabla hajamimina kopo, atatikisa kichwa kwa adabu na kupita.

Kwa upande wa joto, weka mapaa mawili chini ya taa, moja jeusi na jingine jeupe, mgeni ayaguse. Kisha mtajie Ahmedabad, India, iliyoanza mpango wake wa kukabiliana na joto kali mwaka 2013, baada ya wimbi la joto la 2010 kuua watu wengi. Inatosha.

Ofisa mmoja aliyetutembelea aliliita sinia letu mchezo wa watoto, mbele ya vijana wangu waliokesha wakiliunganisha. Neno lile linaniuma mpaka leo. Ndugu zangu, watu wazima ndio wanaopiga kura, wanaojenga na wanaoziba mitaro, na ndio waliokuwa wakipanga foleni pale. Usikubali mtu akudharaulie kazi inayomfanya mtu mzima afikiri kwa mikono yake. Mwache mgeni amwage maji, narudia.

Jambo la mwisho, nalo wengi hulisahau: kila mji mnaofika, tundikeni ramani ya mji huohuo, wenyeji wachomeke pini pale maji yanapotuama. Wanapajua vizuri, hata kwenye vichochoro ambavyo havimo kwenye michoro rasmi. Kabla hamjafungasha, ipigeni picha ramani hiyo, na yenyewe mkaikabidhi kwa wapangaji wa mji, mkononi, wenyeji wawili watatu wakiwepo.