Yule yaya anakula kwa nani?

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unasema kikundi chenu cha maigizo kimekupa nafasi ya yaya wa Juliet katika Romeo na Juliet ya Shakespeare, mwongozaji ameshikilia kwamba yaya ni msaliti, nawe unataka kujua kwangu: alimsaliti binti au hakumsaliti?

Mimi nauliza kwanza: yule yaya anakula kwa nani? Najua umecheka. Lakini hata ulipoanza kupanga chumba na yule rafiki yako nilikuuliza hivyo hivyo. Kabla hujampa mtu siri, angalia anakula kwa nani.

Yaya anakula kwa Capulet, baba yake Juliet. Mumewe amekufa. Binti yake, Susan, alikufa, maziwa yake akayanyonya Juliet. Hana kwa kurudi. Hata hivyo, Capulet alipomfokea mtoto na kutishia kumfukuza asipoolewa na Paris, mchumba aliyemchagulia yeye, wakati mtoto ameshaolewa kwa siri na Romeo, ni yaya aliyemwambia mzee usoni kwamba anakosea. Akaambiwa anyamaze, mpumbavu yeye. Mama mzazi ndiye aliyemwambia binti asimsemeshe, afanye atakavyo, akaondoka zake. Mwongozaji wenu alisome vizuri tendo la tatu, onyesho la tano, ndipo aanze kugawa majina.

Lakini ngoja.

Bibi yako wa Kirumba, yule uliyekuwa ukikimbilia kulala kwake ukigombezwa, kwangu alikuwa shangazi. Ndoa yake ya Sengerema ilipovunjika alirudi kwa kaka yake, yaani babu yako, akapewa chumba cha uani. Alikuwa akiuza dagaa pale Mwaloni. Barua zangu kwa yule kijana wa Nansio zilikwenda bandarini ndani ya beseni lake, chini ya dagaa, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Nilikuwa nazisoma chooni nimejifungia, zinanuka ziwa zima. Nakwambia, sijapata tena barua tamu kama zile, na baba yako akisoma hapa atanisamehe.

Siku washenga wa Magu walipoondoka, baba akiwa ameshakubali ng'ombe, nilikwenda uani kwa shangazi. Sikufuata ushauri, nilikwenda kulia. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuuweka ungo chini. "Yule wa Nansio ana nini? Hata viatu vya kanisani anaazima." Wiki iliyotangulia tu, mwanamke huyo huyo aliniambia kijana yule ana mikono ya mtu asiyelaza mke na njaa!

Angesema, "Mwanangu, sina uwezo, baba yako atanifukuza na mimi," ningemwelewa. Hilo ningelibeba. Kilichonichoma ni wepesi wa ule ulimi. Na yaya ni hivyo hivyo. Jana alihangaika kumtafuta Romeo na kupeleka ngazi ya kamba, leo anamshauri binti aolewe na Paris: Romeo ni tambara la kufutia vyombo, Paris ndiye tai. Juliet anamuuliza: unasema kutoka moyoni? Anajibu: na rohoni pia.

Nikamwambia, "Nimekusikia, shangazi. Asante." Akafurahi, akaniagiza nikatazame mboga jikoni. Juliet naye anamwambia yaya kwamba amemfariji sana, na yaya anatoka ametulia kabisa, anasema hayo ni ya busara, hajui kwamba moyoni mwa binti ameshafukuzwa. Kila nilipofundisha mahali hapo niligeukia ubao nikajifanya naandika.

Jinsi ng'ombe walivyorudishwa Magu unaijua, mjomba wako huisimulia kila Krismasi akiongeza chumvi. Lakini shangazi hakupata tena siri yangu. Mimba yako aliyeijua wa kwanza alikuwa jirani muuza vitumbua. Shangazi alipoisikia kwa watu alininunia, na sikumweleza kwa nini.

Sasa mwenyewe najibishana. Siri aliitunza. Babu yako alimbana, na unajua alivyokuwa akibana mtu, lakini neno halikumtoka. Yaya naye: Capulet hakujua kwamba binti yake ameolewa na Romeo, mtoto wa mahasimu wake akina Montague, mpaka pale makaburini, na aliyeeleza ni padri Laurence. Mtu anakula kwa Capulet, anafunga mdomo mpaka mwisho! Hapo swali langu la anakula kwa nani linanishinda kidogo. Silitupi, lakini linanishinda.

Tena, shangazi alikuwa ameijua njaa ya Sengerema. Huenda alipomtazama yule kijana aliona mumewe. Huenda alikuwa ananiokoa. Basi angeliweka ungo chini!

Mwongozaji wako anataka hukumu. Ninayo, iko mdomoni hapa, na ningekuwa na hasira ningeiandika. Siiandiki. Bibi yako uliyempenda ni wako, na Juliet alimhukumu wake akiwa hajatimiza hata miaka 14, hakuhitaji msaada wangu.

Ila kwa jukwaani nakuagiza hivi. Mpende yule binti kwelikweli tangu mwanzo, chekesha watu, piga soga zako za kumwachisha ziwa. Ukifika kwenye lile tambara, usikenue meno wala usijilize. Tandika kitanda. Akikuuliza kama unasema kutoka moyoni, jibu upesi na uendelee kunyoosha shuka, usimwangalie.

Mama yako,
Kirumba