Shafti yangu inapinda nikishakata mtaro wa kii

SWALI: Shikamoo mzee. Nina karakana ndogo Mbeya. Nilinunua shafti inayong'aa ya milimita 40, ya mashine ya kusaga. Ilikuwa imenyooka kabisa. Nilipokata mtaro wa kii (mfereji wa kuingiza kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti), diali geji, saa ya kupimia upinde, ikaonyesha imepinda karibu milimita 1. Mteja anasema nimeiharibu. Je, kuna kifaa cha kupima mkazo ulio ndani ya chuma kabla sijakikata?

JIBU: Marahaba mwanangu. Itazame tena: mtaro uko upande wa mgongo wa upinde, sivyo? Kama ndivyo, hujaharibu kitu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikatwa mshahara kwa shafti ya namna hiyo, na mpaka leo inaniuma.

Shafti inayong'aa huvutwa kwenye tundu ikiwa baridi. Ngozi yake hubaki imekazwa kama kamba, na moyo wake umebanwa. Pande zote zikivuta sawasawa, inanyooka. Ukikata mtaro umekata kamba za upande mmoja. Upande huo unarefuka, shafti inapinda.

Mkazo wenyewe hausomeki moja kwa moja. Tunaulegeza kidogo, kisha tunapima chuma kimesogea kiasi gani. Maabara hubandika geji tatu ndogo zinazopima chuma kinavyorefuka, wakatoboa katikati yake tundu la milimita 2 hivi na kusoma. Ni kazi ya mkono mtulivu: hata mkazo mkubwa wa megapaskali 200 (kipimo cha mkazo) hurefusha chuma milimita 1 tu kwa kila mita, na kekee butu huongeza mkazo wake yenyewe. Eksirei haitoboi, ila huona mikroni chache tu za ngozi. Nyutroni huzama sentimita kadhaa, lakini zinataka mtambo wa nyuklia kama ule wa Grenoble, Ufaransa.

Wewe tumia msumeno. Chukua kipande cha sentimita 30 cha shafti ileile. Piga alama mbili kichwani, moja kila upande wa mstari wa kupasulia, upime umbali kati yake kwa venia (rula ya taya ya kupimia vipande vidogo). Kipasue katikati kwa urefu, sentimita 20, upime tena. Alama zikiachana, ngozi ilikuwa inavuta.

Ukiwa na tanuri, pasha shafti nyuzi 600 hivi, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, ipoe humohumo taratibu. Huna? Nunua nene kidogo, kata mtaro kwanza, ndipo uimalizie kwenye lezi, mashine ya kuchonga chuma kikizunguka. Na mteja mwonyeshe kile kipande kilichofunguka mdomo. Mimi sikuwa na cha kumwonyesha bosi wangu.