Kizuia joto darini: uweke mwenyewe au uite fundi?

Mtu akiuliza swali hili, majibu mengi huanzia kwenye gharama. Mimi nimepita njia zote mbili. Nyumba ninayoishi niliweka mwenyewe, ya wazazi wangu tukaita mafundi, na sasa naamini gharama si mahali pa kuanzia. Kulaza sufu ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zinazozuia joto, juu ya dari ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yote. Kinachoamua kazi ni ya nani ni hali utakayoikuta huko juu kabla hujafungua hata bunda moja.

Kwa hiyo panda kwanza kuangalia, bila vifaa, ukiwa na tochi ya kichwani na barakoa. Panda asubuhi na mapema. Jua likishakolea, joto chini ya paa linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na mwili hauwezi kufanya kazi humo kwa usalama. Kanyaga boriti peke yake, maana ubao wa jipsamu wa dari haukubebi hata kama wewe ni mwepesi kiasi gani. Mimi hutumia vipande viwili vya ubao mpana: nalaza kimoja juu ya boriti, napiga magoti juu yake, nasogeza kingine mbele. Na chini awepo mtu wa kukuita mara kwa mara. Ukiacha kuitika, ajue la kufanya.

Huko juu jambo la kwanza ni nyaya. Zipitie zote kwa macho bila kuzigusa. Ukiona ganda la waya limepasuka, limetafunwa na panya, au maungio yamefungwa utepe tu bila boksi, shuka ukamwite fundi umeme. Sufu itafunika kasoro hiyo kwa miaka mingi na kuzuia joto la waya lisitoke, na hapo ndipo moto huanzia. Taa zilizozamishwa darini nazo zina masharti yake. Nyingine zimetengenezwa kuvumilia kufunikwa, nyingine lazima ziachiwe nafasi ya hewa pande zote. Maelezo huwa yameandikwa kwenye taa yenyewe. Yakifutika, ichukulie kuwa haifunikwi.

Ninasisitiza umeme kwa sababu watu wamekufa katika kazi hii hii. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango wa kugharimia uwekaji wa vizuia joto kwenye dari za nyumba za watu. Kazi ikawa nyingi ghafla, na walioingia darini wengi walikuwa vijana wasio na mafunzo ya kutosha. Wanne walifariki: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto kali. Wawili kati ya hao watatu walikuwa wakiweka karatasi za alumini, aina nyingine ya kizuia joto. Alumini hupitisha umeme, na pini moja ya chuma ikitoboa waya, karatasi yote hugeuka kuwa waya ulio wazi. Mpango ulifungwa mwaka 2010, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake mwaka 2014. Tukumbuke kwamba hao walikuwa wameajiriwa kuifanya kazi hiyo. Kuitwa fundi hakukumlinda yeyote kati yao. Zima swichi kuu kabla ya mtu yeyote kupanda, na ujue pia kwamba waya unaoingia kutoka nje kwenda kwenye mita hubaki na umeme hata swichi ikizimwa. Kama waya huo unapita darini, kaa mbali nao.

Baada ya nyaya, tafuta maji. Mbao zenye madoa, misumari yenye kutu, harufu ya ukungu: hizo ni dalili kwamba paa linavuja au mvuke wa bafuni unamwagwa darini badala ya kutolewa nje. Rekebisha hilo kwanza. Sufu iliyolowa haizuii joto, na inaweka unyevu kwenye mbao mpaka zioze.

Kuna vitu viwili ambavyo ukiviona usijadiliane na nafsi yako. Cha kwanza ni asbestosi, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, iwe kwenye vigae vya paa au kama kitambaa kilichozungushwa kwenye mabomba ya zamani. Usiikate, usiifagie, usiitoboe. Ita wataalamu wa kuiondoa. Cha pili ni vemikulaiti, chembe nyepesi za kahawia zinazong'aa kidogo, zilizomwagwa kati ya boriti. Sehemu kubwa ya vemikulaiti iliyouzwa Marekani hadi mwaka 1990 ilichimbwa Libby, Montana, nchini humo, kwenye mgodi uliofungwa mwaka huo, na ilikuwa imechanganyika na asbestosi. Usiivuruge.

Povu la kupuliza, linalotumika badala ya sufu, pia nawaachia wenye kazi yao, na sioni haya kusema hivyo kwa nguvu. Ni kemikali mbili zinazochanganyika papo hapo. Mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na mchanganyiko ukikosewa huna namna ya kuutoa bila kukwangua mbao.

Yote hayo yakiwa salama, basi kazi ya kulaza sufu ifanye mwenyewe, na nina sababu. Kabla ya kulaza, kila tundu linalopitisha hewa kutoka vyumbani linatakiwa kuzibwa: kando ya mabomba, nyaya zinapotoboa dari, pembeni mwa mlango wa darini. Kwa wazazi wangu tulipoinua sufu ya zamani, ilikuwa ya njano ila juu ya kila tundu palikuwa na doa jeusi la mviringo. Hewa ilikuwa ikipita hapo miaka yote, na sufu ikichuja vumbi lake. Mafundi wa kwanza walilaza juu ya matundu wakaondoka. Kuziba kunataka uvumilivu, hakuonekani, na anayelipwa kwa siku au kwa mita hana sababu ya kukawia kwenye tundu la ukubwa wa kidole. Wewe unayelala chini ya dari hiyo unayo.

Katika kulaza kwenyewe, usibane. Sufu huzuia joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Ikibanwa inakuwa kama godoro lililochakaa, jina lipo ila kazi haipo. Kata kipande kizidi kidogo upana wa nafasi ili kikae bila kuacha mwanya. Pembezoni mwa paa, acha njia ya hewa inayoingia kutoka nje. Na usidhani kuongeza unene kutaleta nafuu ileile kila mara: tabaka la kwanza ndilo linalofanya kazi kubwa, la pili linazuia sehemu ya kilichobaki. Karatasi ya alumini nayo inahitaji nafasi ya hewa mbele ya uso wake unaong'aa. Ukiibana kati ya vitu viwili, umeweka karatasi tu.

Ukiamua kuita fundi, kwa sababu ya magoti, pumu, au nafasi ni finyu mno, patana naye kwa unene wa milimita baada ya kulazwa, usipatane kwa idadi ya mabunda. Muulize atakavyoziba matundu na atakavyozifanya taa. Taka picha za matundu yaliyozibwa kabla sufu haijafunika, na picha za pembe zote baada ya kazi. Kisha panda mwenyewe na rula kabla ya malipo ya mwisho, uanzie kona ya mbali kabisa na mlango wa darini, kwa kuwa huko ndiko sufu huishia njiani.